Limau Nyuma ya Pazia

Mama mkwe wangu alikuwa hajawahi kunywa hata maji nyumbani kwangu. Naomba hilo lieleweke mapema, maana watu wa mbali wakisikia habari za Wakurya na wakwe zao wanadhani tunagombana. Hatugombani. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake wanaoneana aibu, na aibu hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mimi sili mbele yake, naye hali mbele yangu. Simpi mkono. Jina lake silitamki, na hata hapa sitaliandika. Tukikutana njiani mtaani kwetu Nyamisangura, yeye anavuta khanga usoni, na mimi natafuta kitu cha kuangalia upande wa pili, hata kama ni ukuta. Salamu zetu zinapitia kwa mke wangu Irine, ambaye huzibeba kutoka chumba hiki kwenda kile kama mtu anayehamisha vikombe.

Lakini aibu nayo ina mipaka yake. Mama wakwe wa wenzangu wakija mjini wanakaa sebuleni, pazia linashushwa, mkwe anabaki jikoni au anatoka kabisa, na wao wanakula mpaka wanashiba. Wangu hapana. Wangu alikuwa anakuja na kibuyu chake cha maziwa kutoka kijijini kwake Susuni, kimefungwa kwenye kitambaa, anakunywa humo humo, anafuta mdomo, anasema ameshiba. Hivyo hivyo kila safari, tangu nimuoe binti yake. Akishaondoka, Irine anaosha sahani ambazo hazikuguswa, huku analia kimyakimya, na mimi najifanya natafuta chaja ya simu.

Sababu naijua. Nafanya kazi kaunta kwenye hoteli ya watalii upande wa Serengeti. Natengeneza vinywaji. Siku moja msibani mama mkwe aliwaambia wenzake, na maneno yakanifikia yakiwa bado ya moto, kwamba binti yake kaolewa na mwanaume anayekoroga pombe za Wazungu na kuosha glasi zao, mwanaume asiyemjua hata ng'ombe mmoja kwa jina. Iliniuma. Ng'ombe wa mahari walifika wote, tena mmoja wao akiwa na mimba, lakini hilo msibani halikutajwa.

Mwaka huu siku ya kuzaliwa ya Irine iliangukia Pasaka. Nilikuwa likizo, nikamuuliza anataka zawadi gani. Nilitegemea atasema kitenge au viatu.

"Nataka mama anywe kitu nyumbani kwangu," akasema. "Hata kidogo tu. Nimechoka, Nchagwa. Kila mtu analishwa na mtoto wake isipokuwa mama yangu."

"Sasa hapo mimi nafanyaje?"

"Si wewe ndiye fundi wa vinywaji? Wazungu wanakunywa. Mama yangu ana mdomo gani wa ajabu?"

Kisha akaniambia jambo ambalo miaka yote hakuwahi kulitaja. Mama yake anapenda limau, na siyo kupenda kwa kawaida. Alipokuwa na mimba ya Irine alikuwa anakula limau na ganda lake, na mpaka leo akipita sokoni analinusa kwanza ndipo anauliza bei.

Pale pale nikajua nitafanya nini. Hotelini tuna kinywaji ambacho wageni wanakunywa baada ya chakula cha usiku, badala ya keki. Ni limau, krimu, sukari na pombe kidogo, kizito kiasi kwamba unaanza kwa kunywa na unamalizia kwa kijiko. Nimekitengeneza mpaka mkono unakijua wenyewe. Nikachukua maganda ya machungwa nikayaloweka kwenye konyagi, nikaificha chupa kabatini mpaka ikageuka rangi ya asali. Nikanunua malimau mazuri yenye maji. Nikajiona nimeshinda kabla sijaanza, na hapo ndipo huwa naharibikiwa.

Hotelini krimu inakuja kwenye boksi. Siku moja kabla ya Pasaka niliizunguka Bomani duka kwa duka, na boksi la krimu sikuliona. Dada mmoja wa dukani, kwa moyo mweupe kabisa, alinitolea krimu ya kupaka mikono. Nikasema basi, hapa ni Tarime, tutakosaje maziwa. Nikanunua maziwa freshi kwa jirani yetu Matiko, nikaenda zangu kulala.

Mama mkwe alifika baada ya misa, mawingu yakiwa yameshakuwa meusi. Niliposikia sauti yake mlangoni nikakimbilia jikoni, na Irine akashusha lile pazia linalotenganisha jikoni na sebule. Nikasikia kiti kikilia. Nikasikia mwamvuli ukiegemezwa ukutani. Halafu nikasikia kibuyu kikiwekwa sakafuni, na moyo wangu ukashuka nacho.

"Mama anakusalimu," Irine akasema kwenye pazia.

"Mwambie shikamoo."

"Anasema marahaba. Anasema hakai sana, anawahi gari la Susuni."

Mvua ikamjibu yenyewe. Ilishuka juu ya bati kwa kishindo, na barabara ya nje ikaanza kutiririka maji mekundu. Habari ya gari la Susuni ikaishia hapo.

Mimi nikaanza kazi. Maziwa nilikuwa nayachemsha, maana kwetu maziwa freshi hayanywewi bila kuchemshwa. Hilo tumefundishwa tangu utotoni na sikulifikiria mara mbili. Kosa langu ni kwamba sikuyaacha yapoe. Nilikuwa na haraka ya mtu anayesubiriwa. Nikaweka sukari, nikakamua limau, nikamimina kwenye sufuria maziwa yakiwa bado yanatoa mvuke. Maziwa yakatulia kidogo, kama yanafikiria. Halafu yakakatika. Madonge meupe yakajikusanya upande mmoja, maji ya kijani yakabaki upande wa pili, na mimi nikarusha kijiko kwenye sinki kwa hasira.

Irine akachungulia. Alipoiona ile sufuria, uso ulimsawijika, na heri angenitukana.

"Nitaanza upya," nikasema. "Kalete barafu kwa Matiko, na malimau mawili matatu kwenye mti wake."

"Kwenye mvua hii?"

"Irine, tafadhali."

Akajifunika mfuko wa nailoni kichwani, akatoka. Nyumba ikabaki na watu wawili ambao hawaruhusiwi kuongea. Nikajua fika kwamba kuanza upya ni maneno tu, kwa sababu maziwa yalikuwa yale yale na krimu haikuwepo. Nikaishika sufuria kwa mikono miwili, nikaiinua juu ya sinki nimwage.

Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

"Kibuyu," sauti ikasema. "Kibuyu, umesikia? Kuna mtu huko jikoni anataka kumwaga maziwa."

Nilibaki na sufuria hewani. Hakuwa anaongea na mimi, hilo lilikuwa wazi. Alikuwa anaongea na kibuyu chake. Lakini kibuyu hakikuwa na sufuria mkononi. Nikaangalia huku na huku, nikakohoa na mimi, nikaona njia ni moja tu.

"Sufuria," nikasema, "maziwa haya yameshaharibika."

"Kibuyu, maziwa hayajaharibika. Yamekatwa na limau tu. Yachujwe kwenye kitambaa safi, yatiwe chumvi, yataliwa na mkate."

Basi nikachuja. Mtu mzima mimi, ambaye hotelini nikisema barafu watu wanakimbia kuleta barafu, nikawa nachuja madonge kwa amri ya mtu anayeongea na kibuyu. Nilikuwa nimekasirika, na pia, sijui kwa nini, nilikuwa nataka kucheka.

"Kibuyu," akasema baada ya muda, "hivi hicho kilikuwa kitu gani?"

Nikaieleza sufuria yote. Limau, sukari, krimu ambayo Bomani nzima haina. Nikaieleza kwamba kinaliwa baada ya chakula, kwamba ni kitamu, kwamba leo ni siku ya kuzaliwa ya Irine. Ningeishia hapo ningekuwa nimejilinda. Lakini mvua ilikuwa inapiga bati, uso wake siuoni, na nikajikuta nimelisema.

"Sufuria, mke wangu ameomba zawadi moja. Anataka mama yake anywe kitu nyumbani kwake. Ndiyo maana yote haya."

Nikadhani nimevuka mpaka.

"Kibuyu," akasema, na sauti ilikuwa imepungua, "Irine analia?"

"Sufuria, analia kila safari. Akiosha zile sahani."

Nilisikia kiti kikilia, halafu nikasikia fundo la kitambaa likifunguliwa taratibu, fundo ambalo nilizoea kulisikia likifungwa. Kibuyu kikaja kikaketi chini kwenye ukingo wa pazia. Hatua zikarudi nyuma. Akakohoa, maana yake chukua. Nikakohoa, maana yake asante, nikachukua.

Sasa hakuwa na kibuyu cha kuongea nacho, akahamia kwa mwamvuli.

"Mwamvuli, maziwa membamba tena ya moto hayawezi kusimama na limau. Mafuta yanasimama. Humo ndani mafuta yamepanda juu tangu jana jioni. Akiinamishe taratibu, asikitikise."

Nikakiinamisha taratibu. Kwanza ikatoka harufu ya moshi, ile ya kijinga cha moto wanachosugulia kibuyu ndani kabla ya kutia maziwa. Halafu ikatoka krimu. Jamani, krimu. Ya njano, nzito, imeshaanza uchachu kwa mbali, inateremka kwenye bakuli kwa mapozi yake. Nimefungua maboksi mengi maishani na sijawahi kuona kitu cha namna ile. Kilichobaki chini yalikuwa maziwa yenyewe, nikayaacha humo humo kwenye kibuyu.

"Mwamvuli," akasema, "mafuta hayo ni ya Mabaka. Ng'ombe wangu. Ndivyo anavyoitwa."

Nikasimama na kibuyu mkononi. Yale maneno ya msibani yakanirudia yote, na nikaamua siyamezi.

"Sufuria, basi sasa namjua ng'ombe mmoja kwa jina."

Nyuma ya pazia nikasikia mtu anacheka. Kicheko kifupi, cha puani, cha mtu aliyekamatwa. Mimi nikageukia limau ili nisicheke kwa sauti.

Kuanzia hapo nilikuwa kwenye shamba langu mwenyewe. Nikakwangua ganda la limau juu ya sukari, nikavisugua pamoja kwa vidole mpaka sukari ikawa na unyevu na rangi. Harufu ikajaa jikoni, ikapita chini ya pazia. Nikasikia pumzi ikivutwa huko, ndefu.

"Mwamvuli, mbona anakwangua ganda? Si akamue?"

"Sufuria, maji ya limau ni ukali tu. Harufu iko kwenye ganda."

"Mwamvuli, hilo ni kweli," akasema. "Mimi nililijua nikiwa na mimba."

Nikaipiga krimu kwa mchapo, ule wa waya wa kupigia mayai. Nikatia ile sukari. Halafu nikafika kwenye limau, na nikapunguza kasi, kwa sababu kibuyu kilikuwa kimoja na krimu hii ikikatika hakuna nyingine. Nikadondosha tone. Nikapiga. Tone lingine. Nikapiga. Haikukatika. Nikaongeza kama kijiko kizima, nikakaza mkono, na krimu badala ya kulegea ikaanza kunenepa, ikawa inashika alama ya mchapo kila nilipopita. Niliinama nikaiangalia kwa karibu nisiamini macho yangu. Laini kabisa. Hakuna donge.

Nikajaza glasi ndogo, ile ya kihotelihoteli yenye shingo, nikanyunyizia ganda la limau juu. Nikaiweka kwenye kigoda, nikakisogeza kigoda mpaka kwenye ukingo wa pazia, nikachomeka kijiko. Nikakohoa, nikarudi kwenye sinki, nikageukia ukuta kama adabu inavyotaka.

Kigoda kikavutwa.

Nikasubiri. Nilihesabu misumari ya bati yote inayoonekana. Nikasikia kijiko kikigusa glasi mara moja tu, halafu basi. Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia Irine.

"Mwamvuli," akasema, "kwani hapa kuna mtoto? Sukari imezidi. Limau haliongei."

Damu ikanipanda. Wageni wa kila nchi wamelamba kinywaji hicho mpaka chini, wengine wameniomba niwaandikie namna ya kukitengeneza, halafu Susuni inasema limau haliongei. Nilifungua mdomo nimjibu sufuria kitu ambacho ningekijutia. Kisha nikaonja. Nikaonja tena. Alikuwa sahihi, hasa kwa mtu anayekula limau na ganda. Nilikuwa nimemtengenezea mtalii, na nyuma ya pazia hapakuwa na mtalii.

Glasi ikarudi kwenye kigoda, haikuwa imepungua hata robo. Nikairudisha kwenye bakuli. Nikakamua limau lote lililobaki, tone kwa tone, nikaipiga mpaka bega likauma. Halafu nikaikumbuka chupa ya kabatini.

"Sufuria, kuna konyagi ya maganda ya machungwa. Sikuitia. Sikujua kama anatumia."

"Mwamvuli, mtu amepika pombe ya mtama maisha yake yote, leo anaulizwa kama anatumia?"

Nikatia. Nikakoroga, nikaonja. Ukali ulitangulia, utamu ukafuata nyuma, machungwa yakapita katikati na joto lake, na mwisho kabisa, kwa mbali, ukabaki ule moshi wa kibuyu. Hotelini hatuna hiyo. Hakuna hoteli yenye hiyo. Nikajaza glasi mpaka ukingoni, nikaipeleka kwenye kigoda, nikakohoa, nikageukia ukuta.

Kijiko kikagusa glasi. Kikagusa tena. Halafu kikaanza kufanya kazi. Ninayo masikio ya kaunta, najua sauti ya mtu anayekula kwa heshima na sauti ya mtu anayekula kwa sababu hawezi kuacha. Kijiko kilikuna pembeni, kikakuna shingoni, kikafika chini kabisa na kuanza kusaka kilichojificha. Nilishika sinki kwa mikono yote miwili. Nilitaka kupiga kelele za mtu aliyefunga goli, na nikameza zote.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Irine aliingia na bakuli la barafu na malimau kwenye mfuko, maji yakimchuruzika mpaka kwenye viatu, akiwa tayari na maneno ya kunipoza. Sikumwona, nilikuwa nimeukabili ukuta, lakini nilisikia bakuli likitua sakafuni na barafu ikisambaa. Aliniambia baadaye alichokikuta. Mama yake amekaa kwenye kochi letu, glasi yetu mkononi, krimu kwenye mdomo wa juu, anaifuta glasi ndani kwa kidole.

"Irine," mama mkwe akasema, taratibu kabisa, kama mtu anayekula hapo kila siku, "mwambie mwenye nyumba aongeze. Na mwambie hizi glasi za Wazungu ni ndogo. Alete kikombe."

Irine hakuja kuniambia. Hakuweza, alikuwa analia, na safari hii alikuwa analia kwa sauti.

"Nimesikia," nikasema. Na kwa mara ya kwanza tangu nioe, nilimjibu yeye mwenyewe, siyo sufuria.

Nikaleta vikombe vya chai, vile vikubwa. Mama mkwe alikunywa sebuleni, mimi nikanywa jikoni, na Irine akakaa chini mlangoni kati yetu, pazia limemwangukia begani, mguu mmoja huku na mwingine kule. Yale madonge ya chumvi tukayala na mkate, kila mtu upande wake. Pazia halikufunuliwa, wala hakuna aliyetaka lifunuliwe. Irine alicheka kwa kila kitu, hata mama yake alipolalamika kwamba mkate ni wa jana. Nilimtazama mke wangu anavyolamba kijiko nikajisikia mwanaume mkubwa kuliko wote Nyamisangura, na sioni haya kusema hivyo.

Mvua ilipokatika, mama mkwe akainuka kuwahi gari. Mimi nikajificha nyuma ya mlango wa jikoni kama inavyopasa. Nikasikia akivaa viatu, akichukua mwamvuli, akitoka na Irine mpaka uani. Hapo ndipo nikakiona kibuyu. Kilikuwa bado mezani kwangu. Mwanamke wa Susuni anaweza kusahau mwamvuli, anaweza kusahau hata mkoba, lakini kibuyu alichokilea kwa moshi miaka na miaka hakisahau.

"Irine," nikaita dirishani, "kibuyu cha mama kimebaki."

Mama mkwe alikuwa ameshafika getini. Akasimama. Hakugeuka, alivuta khanga usoni, akaweka mkono juu ya geti la bati.

"Geti," akasema kwa sauti ya kutosha kufika jikoni, "mwambie akioshe kwa maji ya moto, asitie sabuni. Nitakifuata Jumapili. Na Jumapili nitakuja na njaa."